Waliokaukiwa na visima waulizwe kabla mpango haujaandikwa

Natoa maoni yangu juu ya jambo ambalo linazungumzwa sana mijini, lakini sisi ambao linatuuma tunalisikia kwa mbali. Jambo hilo ni mipango ya Taifa ya kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi. Mimi ni mkulima na mfugaji wa ng'ombe wachache katika Wilaya ya Tarime, na nimeoa ng'ambo ya Mto Mara, Wilaya ya Serengeti. Kwa hiyo ninapozungumza habari za wilaya hizi mbili sizungumzi habari za majirani. Nazungumza habari za nyumbani na za ukweni.

Neno lenyewe "tabianchi" lilitufikia baada ya shida kuwa imekwisha kuingia. Sisi tulikuwa tukisema mvua zimegoma. Vuli ambayo baba zetu waliizoea, siku hizi inakuja inavyotaka. Mtu anapanda mahindi, yanaota, jua linawaka wiki tatu mfululizo, anapanda tena, na mbegu ya pili ni ya kununua dukani kwa fedha aliyouzia mbuzi. Mwaka mwingine mvua hiyo hiyo iliyogoma inamwagika yote kwa siku chache na kuondoka na udongo wa juu wa shamba. Mwezi Mei 2020 Ziwa Victoria lilijaa kupita kiwango chochote kilichopata kuandikwa, na watu wengi waliokuwa wakilima kando ya maji walipoteza mashamba na nyumba. Haukupita muda, mwishoni mwa 2021 vuli ikawa haba, na wafugaji wa sehemu nyingi za kaskazini mwa nchi yetu wakaanza mwaka 2022 kwa kuhesabu mizoga. Mafuriko na ukame, yote ndani ya miaka miwili. Mkulima ajiandae kwa lipi?

Hayo Serikali inayajua, na sisemi kwamba imekaa kimya. Ulitolewa mpango wa kwanza wa Taifa wa hatua za kukabiliana na mabadiliko hayo mwaka 2007. Ukafuata Mkakati wa Taifa wa mwaka 2012, kisha mwingine wa miaka ya 2021 hadi 2026. Mwaka 2018 nchi yetu iliridhia Mkataba wa Paris, ambao unataka mipango ya namna hii ishirikishe watu, ijali hali ya wanawake, na itumie maarifa ya wenyeji pamoja na sayansi. Maandishi si haba. Tena yataandikwa mengine, kwa sababu mkakati wenye tarehe ya mwisho lazima ufuatwe na mwingine. Ndiyo maana naandika barua hii: nataka safari hii watu wa mabonde ya Mara waulizwe kabla, si baada.

Nieleze kwa nini nasema "si baada". Miaka michache iliyopita nilibahatika kualikwa katika warsha ya siku mbili, katika mji ambao sitautaja, iliyoandaliwa na ofisi ambayo nayo sitaitaja, maana sitaki kumchomea mtu mkate wake. Tuliambiwa tumeitwa kama wadau. Zamani tuliitwa wananchi, siku hizi tumekuwa wadau. Si neno baya, ila nimeona kwamba mwananchi alikuwa na haki ya kusema na mdau ana haki ya kusaini. Tulikuwa watu kama arobaini, wakulima tukiwa watatu. Mwanamke mwenye kuchota maji mtoni hakuwapo hata mmoja. Wanawake waliokuwapo walikuwa watumishi wa ofisi, nao walifanya kazi yao vizuri. Siku ya kwanza ilikwisha kwa picha ukutani zenye maandishi ya Kiingereza. Siku ya pili tuligawiwa karatasi za rangi tuandike "changamoto". Mimi niliandika kuwa kisima cha kitongoji chetu kinakauka tangu mwezi wa saba. Karatasi yangu ikabandikwa ukutani pamoja na nyingine, kijana mmoja akaipiga picha, tukapewa nauli, tukaondoka. Mpaka leo sijui karatasi ile ilikwenda wapi. Lakini jina langu najua liliko. Limo katika orodha ya waliohudhuria, na bila shaka mahali fulani imeandikwa kwamba wakulima wa Tarime walishirikishwa kikamilifu.

Je, ndugu wasomaji, huko ndiko kushirikishwa?

Nataka nitoe mfano mmoja wa hasara inayopatikana watu wasipoulizwa. Kijijini kwetu lilichimbwa lambo la kunyweshea mifugo. Fedha zilikuwa za wafadhili na nia ilikuwa njema kabisa. Mahali palipochaguliwa palikuwa karibu na barabara, ambapo mtambo wa kuchimba ungefika bila taabu na wageni wangeliona bila kuchafua viatu. Wazee wawili walisema wazi kwamba pale chini ni mchanga, maji hayakai, na wakaonyesha bonde jingine lenye udongo mfinyanzi ambako hata kiangazi cha miaka ya nyuma ng'ombe walikuwa wakikuta tope. Wakajibiwa kwamba vipimo vimekwisha kufanywa. Lambo lilijaa mvua za kwanza, likapigwa picha. Mwaka wa pili lilikauka kabla ya mahindi kukomaa. Sasa watoto wanachezea mpira ndani yake, na kwa kweli ni uwanja mzuri, una kingo pande zote.

Wale wazee hawakuwa wataalamu wa udongo. Walikuwa wachungaji tu, ambao kwa miaka hamsini walitafuta maji kwa miguu yao. Mtaalamu angechukua nusu siku kwenda nao bondeni akachimba shimo moja, angewathibitisha au angewakosoa, na katika hali zote mbili lambo lingekuwa letu.

Mfano wa pili ni mtama. Tumehimizwa, na katika vipindi mbalimbali tumeamriwa, kila kaya iwe na shamba la mazao yanayostahimili ukame: mtama, ulezi na mihogo. Kwa upande wa sayansi ushauri huo hauna kosa, na babu zetu walikula ugali wa mtama na ulezi kabla mahindi hayajatutawala. Lakini kila mara bwana shamba anapoondoka wanawake wanacheka. Ukiwauliza wanakuambia: mtama unaliwa na ndege, na aliyekuwa akifukuza ndege zamani ni mtoto, na mtoto sasa yuko shuleni, tena ni haki yake kuwa shuleni. Basi nani akae juani tangu alfajiri mpaka jioni kwa majuma mengi? Ni yule yule mama anayetakiwa kwenda mtoni mara mbili. Kwa hiyo anapanda mahindi akijua yanaweza kukauka, kwa kuwa angalau mahindi hayamdai mwili wake wote. Mpango wowote wa Taifa unaosema "wananchi wahamasishwe kulima mtama" bila kumsikiliza mama huyu utabaki kabatini. Angeulizwa angesema apewe mbegu ambayo ndege hawaipendi sana, au mashamba ya mtama yapangwe pamoja ili walinzi wachache walinde ekari nyingi. Hilo la pili nimelisikia kwa masikio yangu kutoka kwa mama mmoja kilabuni, wala hakuwa na shahada.

Sasa niuguse mto wenyewe, maana ndio mama wa wilaya hizi mbili. Mto Mara unaanza katika vyanzo vya milima ya Mau nchini Kenya, unapita katika hifadhi ya Maasai Mara, unaingia kwetu katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, kisha unakuwa mpaka kati ya Tarime upande wa kaskazini na Serengeti upande wa kusini, unapita katika ardhi oevu yenye mafunjo na kuingia Ziwa Victoria karibu na Musoma. Ni safari ya karibu kilometa 400. Takriban theluthi mbili za bonde lake ziko Kenya na theluthi moja iko kwetu. Nyumbu wanaoletea nchi yetu fedha za kigeni wanakunywa mto huo, hasa miezi ya kiangazi ambapo maji mengine yamekauka. Wachimbaji wa dhahabu wa Nyamongo, wakubwa na wadogo, wako karibu nao. Wavuvi, wakulima wa bustani, wafugaji, wote wanautegemea. Na watu tunaongezeka: katika sensa ya mwaka 2012 Mkoa wa Mara ulikuwa na watu 1,743,830, na katika sensa ya mwaka 2022 tulifika 2,372,015. Mto haukuongezeka.

Lakini tazama jinsi tunavyopanga. Tarime inaandika mpango wake Tarime. Serengeti inaandika wake Mugumu. Hifadhi ina mpango wake, bodi ya maji ya bonde ina mpango wake kule Mwanza, na Kenya wana wao. Shemeji yangu ananyweshea ng'ombe ukingo wa kusini na mimi ukingo wa kaskazini, tunasalimiana kwa kupaza sauti juu ya maji yale yale, na sijapata kusikia mkutano mmoja uliotukutanisha sisi wawili kama wakulima wa mto mmoja. Kuna Siku ya Mara, ambayo tangu mwaka 2012 huadhimishwa tarehe 15 Septemba, nchi yetu na Kenya zikipokezana. Ni jambo jema, na hotuba zake huwa nzuri. Miti nayo hupandwa. Ningependa siku moja mgeni rasmi aanze kwa kwenda kuitazama miti iliyopandwa na mgeni rasmi aliyemtangulia.

Kuna sheria inayotukataza kufanya shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Iko katika Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Nisieleweke vibaya, sheria hiyo naiunga mkono. Nimeona kwa macho ukingo ukimong'onyoka mpaka mti wa mkuyu ukaanguka mtoni na mizizi yake yote. Hata hivyo kiangazi kikipamba moto, ule ukanda wa mita 60 ndio mahali pekee penye unyevu, ndipo sukuma wiki na nyanya zinapoota, na ndipo ada na sare za watoto zinapotoka. Ukija na vigingi asubuhi ukavipanda bila mazungumzo, usiku vitang'olewa, na hutampata mwenye kosa, kwa kuwa kijiji kizima kimelala. Lakini ukikaa na wenye bustani mkakubaliana kwamba watarudi nyuma hatua sitini na kitu, na kwa malipo ya kurudi nyuma watachimbiwa kisima au watapewa pampu ya kupandisha maji kule juu, watavilinda vigingi hivyo wenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imetoa nafasi ya kuunda jumuiya za watumia maji, na katika vijito vya Mara ziko zilizoundwa. Ndizo zingefaa kuwa mlango wa mipango hii. Tatizo lililoko ni kwamba jumuiya isiyo na fungu haiwezi hata kumpa mlinzi wa chanzo viatu vya mvua.

Watu watauliza, kama wataalamu wapo, ya nini kuwasumbua wanakijiji? Nawakumbusha yaliyotokea mwezi Machi 2022. Maji ya Mara katika sehemu za Kirumi yaligeuka kuwa meusi, yakanuka, samaki wakafa wengi. Wananchi wakakatazwa kuyatumia. Serikali ikaunda kamati ya wataalamu chini ya Profesa Samwel Manyele, na kamati ikaeleza kwamba chanzo kilikuwa kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza katika ardhi oevu. Taarifa hiyo ilipokelewa kwa minong'ono, na wengi hawakuikubali. Mimi si mkemia, siwezi kubishana na maabara. Pia sisemi kamati haikumuuliza mtu. Ninachosema ni kwamba majibu tuliyapata kwa redio. Iwapo wavuvi na wafugaji wangechaguliwa na vijiji vyao wakasimama pale sampuli zinapochotwa, wakaona chupa zinafungwa, wakarudi kutusimulia, basi taarifa ingekuwa na miguu ya kutembelea vijijini. Na kama ni kweli ng'ombe wetu wamezidi uwezo wa bonde, hilo si neno la kumwambia mfugaji kwa redio. Ni neno la kukaa naye kitako, kwa kuwa unamwambia apunguze benki yake, mahari ya wanawe na heshima yake.

Na hapo ndipo penye hatari ambayo mipango ya makabatini haiioni. Huku kwetu maji na malisho yakipungua, hatuishii kwenye kulalamika. Nchi nzima inajua habari za mapigano ya koo na wizi wa mifugo, mpaka Tarime na Rorya ikawekwa kuwa Kanda Maalumu ya Polisi. Kiangazi kirefu kinasukuma ng'ombe wa koo moja kwenye malisho ya koo nyingine, au kinawasukuma ndani ya mpaka wa Hifadhi, ambako mwenye ng'ombe anaweza kurudi nyumbani na fimbo peke yake. Upande wa Serengeti tembo nao wanatoka kuja mashambani. Mtu aliyepoteza shamba kwa tembo usiku mmoja hataki kusikia hotuba ya uhifadhi asubuhi yake. Mambo haya yote ni tabianchi, ingawa katika maofisi yamegawanywa: ng'ombe idara yao, tembo wizara yao, maji wizara yao, polisi nao kivyao.

Wala hatuanzi gizani. Katika wilaya za Longido, Monduli na Ngorongoro, katika miaka ya 2010, ilijaribiwa njia ya kuzipa jamii zenyewe nafasi ya kuchagua miradi ya kukabiliana na tabianchi, na fedha kufuata uchaguzi wao. Jirani zetu wa Isiolo, Kenya, waliitangulia njia hiyo: kamati za kata zilizochaguliwa na wananchi ndizo zilizoamua matumizi ya sehemu kubwa ya mfuko, asilimia 70, na wakalipa nguvu baraza la wazee wa Kiborana linaloitwa dedha, ambalo tangu zamani lilipanga malisho ya kiangazi na ya masika. Makueni wao walitunga kanuni mwaka 2015, wakatenga asilimia 1 ya bajeti yao ya maendeleo kwa kazi hiyo. Asilimia 1 si fedha nyingi, lakini ni yao, na mwenye kiti cha kamati anajua anajadili kitu gani.

Sisi Wakurya tuna iritongo, yaani mkutano wa jamii yote chini ya mti, ambao hata wezi wa ng'ombe waliuogopa kuliko mahakama. Kuna watu watakaosema basi, turudishe iritongo ndiyo iandike mpango. Hapo sikubaliani nao moja kwa moja. Iritongo ninayoijua mimi ni ya wanaume, na mwanaume wa kwetu, nikiwamo mimi, hajui kisima kinakauka saa ngapi kwa kuwa hajapata kupanga foleni na ndoo. Wazee watumike, tena waheshimiwe, hasa katika malisho na mipaka ya koo. Ila palipo maji na chakula wanawake wakae kikao chao wenyewe kwanza, wachague wasemaji wao, ndipo waje mbele ya mkutano mkuu wa kijiji wakiwa na neno moja. Bila hivyo watakaa nyuma, watafunika midomo kwa khanga, na katibu ataandika "wanawake waliafiki".

Mkutano mkuu wa kijiji tunao kisheria, nao umo katika Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982. Katiba yetu katika ibara ya 21 inampa kila raia haki ya kushiriki katika maamuzi yanayohusu maisha yake na Taifa lake. Kabla ya hapo Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikwisha kusema kwamba maendeleo ya watu lazima watu wenyewe washiriki kuyafikiria, kuyapanga na kuyatekeleza. Mwaka mmoja baadaye halmashauri zilivunjwa ili eti madaraka yasogezwe karibu, na miaka kumi na miwili ikapita kabla hazijarudi mwaka 1984; Mwalimu Nyerere mwenyewe, mwana wa Mara, alikuja kukiri kwamba kuzivunja kulikuwa kosa. Operesheni ya vijiji ya mwaka 1974 wazee wetu wa pande zote mbili za mto wanaikumbuka: waliambiwa mahali pa kujenga na watu ambao hawakuwaambia watachota wapi maji. Sitaki kufufua yaliyopita. Nimeyataja kwa kuwa wengine wanadhani kumuuliza mwananchi ni mtindo mpya ulioletwa na wafadhili.

Ndugu Mhariri, maombi yangu kwa wanaohusika, kuanzia Ofisi ya Makamu wa Rais inayoshughulikia mazingira hadi halmashauri zetu mbili, si makubwa. Mpango ujao uanzie katika mikutano ya vijiji vya kingo zote mbili za Mara, kwa Kiswahili, na pale wazee wanapotaka, kwa Kikurya, Kingoreme au Kiikoma pawepo mfasiri. Rasimu ikiisha irudishwe katika vijiji vile vile isomwe kwa sauti, na kila ombi lililokataliwa lielezwe limekataliwa kwa sababu gani. Mtu akikataliwa kwa sababu anaweza kuvumilia; akinyamaziwa ndipo anapong'oa vigingi. Tena katika kila fungu la fedha za tabianchi litakalofika wilayani, ijulikane mapema ni kiasi gani vijiji vitakiamulia vyenyewe. Hilo la mwisho ndilo litakalotuonyesha kama tunatafutwa kwa maoni yetu au kwa sahihi zetu.

Najua litatolewa jibu kwamba vijiji ni vingi na fedha za kuvizungukia ni haba. Hesabu hiyo mimi nimeijaribu kwa akili yangu ya kijijini. Ile warsha ya siku mbili ililipa ukumbi, chakula, vyumba vya kulala, posho na mafuta ya magari kwa watu arobaini. Mkutano wa kijiji unahitaji mti, na mti tunao.

Nao wakija, nawaomba wasije siku ya mnada, watatukosa wanaume wote. Na wasianze mkutano asubuhi. Wangoje hadi saa tisa, wanawake wakiwa wamerudi kutoka mtoni.

Mkulima na Mfugaji,
Tarime.